Leseni Yangu, Nyumba za Lewa

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie kabla sijaenda zangu, maana daktari ameacha kunizungumzia mwaka ujao na sasa hunizungumzia wiki ijayo, nami nakuandikia nimeegemea mito mitatu hapa Likoni, mkono unatetemeka lakini akili, alhamdulillahi, bado imekaa sawa, na nina jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja nimewaficha watu wote isipokuwa mke wangu Kuluthum, ambaye hulicheka. Majina yote nimeyabadilisha.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa miaka ishirini nilipokea maombi ya vibali vya ujenzi, nikazijua kanuni za manispaa kwa moyo, dirisha liwe kubwa kiasi gani kwa chumba cha kiasi gani, choo kikae mbali gani na kisima, na nilipostaafu mwaka 1951 nikaomba leseni ya mjenzi, nikafanya mtihani wa kuandika kwa Kiingereza, nikawashinda wote, na wallahi sikuwa nimewahi kushika mwiko hata siku moja.

Wakati huo alikuwapo mwashi mmoja kutoka Mwakirunge, nimwite Lewa, aliyekulia machimboni akichonga mawe na baba yake, ambaye akiutazama ukuta hukwambia utapasuka wapi na baada ya mvua ngapi, lakini hakusoma, na asiye na leseni hapati kibali, na nyumba ya mawe isiyo na kibali huvunjwa, kwa hiyo alikuwa akiungaunga mabanda ya udongo na makuti. Tukapatana: jina langu, mikono yake. Nilidhani ni kwa nyumba moja. Sasa ni thelathini na nne, kutoka Likoni mpaka Changamwe, zote zimesimama wima, na watu wakipita barazani pangu huwaonyesha watoto wao, yule pale ndiye aliyetujengea.

Mara moja tu nilikaribia kuumbuka. Mkaguzi alinipa timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi chini wa kupimia ukuta, nimwonyeshe kama pembe imenyooka, nami nikaishika kwenye risasi nikauacha uzi ndio uning'inie. Lewa, ambaye huniita Mwalimu, akanipokea timazi taratibu, kwa adabu, akamwambia mkaguzi, "Mwalimu hufuta risasi kwanza, bwana. Ikiwa na vumbi hudanganya." Mkaguzi akaliandika hilo katika daftari lake, na tangu siku hiyo mafundi wa Likoni nzima hufuta risasi kabla ya kupima, na wengine hunijia kuniuliza kitambaa gani kinafaa, nami, Mungu anisamehe, huwaambia cha pamba. Niliporudi nyumbani nikamsimulia Kuluthum, akacheka mpaka akashika ukuta, akaniambia, "Basi bwana mjenzi, msumari wa chandarua changu unakungoja tangu mfungo sita."

Sasa leseni yaisha mwisho wa Machi, na kuihuisha lazima mwenyewe afike ofisini, na kwa hali yangu sidhani, na nikifa leseni inakufa pamoja nami. Lewa yuko katikati ya nyumba ya mjane mmoja, nimwite Mwanarehema, kuta zimefika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mabati yamerundikwa uani, na masika yaja. Juzi alikuja kunitazama, akaketi ukingoni mwa kitanda na vumbi lake la chokaa, akanambia, "Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Usife kabla lenta haijakauka." Tukacheka sote wawili. Kisha nikamuuliza, na lenta ya nyumba itakayofuata? Akaitazama mikono yake, akainuka akarudi kwenye ukuta wake, na hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Nikisema kweli, nachelea Lewa atashtakiwa kwa kujenga bila leseni, na wenye nyumba thelathini na nne wataambiwa vibali vyao ni batili. Nikinyamaza, nitazikwa kama mjenzi mkuu na yeye atarudi kwenye mabanda. Kuna siku naona afadhali niyaandike yote katika wasia, wayasome nikishakwenda. Nifanyeje?

Mjenzi wa Karatasi,
Likoni

Jibu la Bi Nadhira

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kicheko na mara ya pili kwa hasira kidogo. Utaniwia radhi, maana umri wako nauheshimu, hila yako siiheshimu.

Nianze na la kukutuliza. Nimemuuliza mtu azijuaye kanuni hizo, bila kutaja mtaa wala mtu, naye amenambia wenye nyumba walale salama. Ramani zilipelekwa, misingi ikakaguliwa, mkaguzi mwenyewe akatia sahihi. Kibali hutolewa kwa ramani na ukuta, na vyote viwili ni vya kweli. Kisicho cha kweli ni sahihi ya anayesema amesimamia kazi. Huyo ni wewe. Faini ikija ni yako, na usimwache Lewa abebe hata robo yake.

Sasa lililonikasirisha. Umejaza kurasa tatu na hakuna mahali uliposema umemuuliza Lewa yeye anataka nini. Miaka kumi na mmoja mmekaa baraza moja, wewe karani wa Kiingereza na yeye mwashi, na hukupata hata wiki chache za kumfundisha kuandika jina lake? Ulipata wakati wa kuwashauri watu kuhusu kitambaa. Mzee, ulipenda wapita njia wakuonyeshe kwa watoto wao. Ni tamu, nakubali, lakini utamu ule ulikuwa wa mwenzako.

Na huo wasia usiuguse. Mtu akiungama kwa wasia, yeye amejilalia kaburini ametulia, na mkewe ndiye anayebishiwa hodi na watu wenye maswali. Bi Kuluthum amekuvumilia vya kutosha.

Nisikilize. Leo hii mwite Lewa, umuulize kama anataka leseni kwa jina lake mwenyewe. Asipotaka, mwachie, na mtafute mjenzi mwenye leseni aimalize nyumba ya Mwanarehema kabla ya mvua. Akikubali, chukua karatasi uandike kwa mkono wako mwenyewe, na ukitetemeka utetemeke, nyumba zote thelathini na nne, mtaa na mwaka, na juu kabisa uandike nani alizijenga. Ombeni atahiniwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya ukuta wa yule mjane. Naambiwa mwaka huu wamekwisha kumkubalia hivyo fundi mmoja wa Changamwe, maana siku hizi, uhuru ukikaribia, kila ofisi inajifunza kusikiliza watu iliokuwa haiwasikilizi. Taja kwamba nyumba haina paa, wasije wakakujibu mwezi wa Juni.

Kwenda utakwenda. Hukuniambia huwezi, umeniambia hudhani. Kodini teksi Jumatatu, mvuke feri asubuhi mapema, Kuluthum akushike mkono mmoja na Lewa mkono wa pili. Ila usikubali kwenda peke yako. Utawaeleza vizuri kwa Kiingereza chako kile, watakuonea huruma, watakuletea chai, na utarudi nyumbani na leseni yako imehuishwa kwa mwaka mwingine, na Lewa yuko palepale. Nakujua kwa barua moja tu, mzee wangu, lakini nakujua. Mkifika mlangoni wewe keti kwenye benchi la nje, na Lewa ndiye aingie kwanza.