Herufi Ishirini na Mbili za Boti ya Kaunti

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA ARREDONDO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anselmo Farías Uribe
Umri: Miaka 58
Kazi: Mhariri na mmiliki wa gazeti la kila Alhamisi
Makazi: Mtaa wa Hidalgo, nyumba namba 407, Las Ánimas
Yameandikwa na: Naibu Sherifu Idalia Rocha, Jumatatu tarehe 16 Machi 2026, saa tatu na robo asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nilikuja mwenyewe baada ya kusikia kwamba Refugio Ozuna, fundi wa vioo vya magari, ameshtakiwa peke yake.

Refugio namfahamu tangu darasa la kwanza. Mwanawe wa pekee, Damián, nilimsimamia ubatizo, na kwa hiyo Refugio na mimi tunaitana compadre, hata tukiwa tumegombana. Na tumegombana mara nyingi. Damián alijiunga na jeshi la akiba la jimbo akiwa na miaka ishirini. Mwaka 2023 gavana aliwapeleka mtoni kulinda mpaka. Mnamo tarehe 6 Agosti mwaka huo, alipokuwa akitandaza seng'enge za wembe, ukingo ulibomoka chini ya miguu yake. Hakuwa anamwokoa mtu. Waandishi wa mjini walitaka awe anamwokoa mtu, wakaniuliza mara tatu. Alikuwa anavuta waya. Alipatikana siku ya tatu.

Mama yake, Ofelia, aliiandikia serikali kuu ya Washington. Aliomba mwanawe atambuliwe kuwa askari aliyekufa kazini kwa taifa, azikwe upya katika makaburi ya askari, alipolala babu yake. Jibu lilikuja baada ya miezi saba: marehemu alikuwa katika kazi ya jimbo, si ya taifa. Aliandikia jimbo. Jimbo likampa pole na kumwelekeza Washington. Barua hizo mbili anazo kwenye droo ya vijiko. Nimezisoma.

Mwaka jana jimbo liliidai Washington likisema: ulinzi wa mpaka ulikuwa kazi yenu, sisi tuliwafanyia, turudishieni gharama. Washington ikakubali. Kwa miezi kumi na moja niliwasumbua wakubwa kwa barua za kisheria ili wanipe orodha ya vitu vilivyodaiwa. Nakiri kwamba nilikuwa nawinda wezi. Nilitaka vyumba vya hoteli, nilitaka chakula cha wakubwa. Nilivipata. Nikaichapisha orodha nzima, kurasa nne, maandishi madogo, tarehe 12 Machi. Mistari ya hoteli niliipigia rangi. Mistari mingine sikuisoma.

Siku hiyo hiyo, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Refugio aliingia ofisini kwangu na gazeti likiwa limekunjwa. Husoma kila kitu kwa kidole, hata maelezo ya dawa ya kikohozi. Aliniwekea gazeti mezani, kidole kikiwa juu ya mstari wa 312. Uliandikwa: "Utafutaji wa mtumishi aliyezama, 6 hadi 8 Agosti 2023. Boti mbili, mbwa mmoja, saa za watumishi 61. Umelipwa wote."

Akaniuliza, "Compadre, huyu ni nani?"

Nilimvutia kiti. Aliketi. Alisema neno moja tu baadaye, kwamba Ofelia asiambiwe. Lakini Ofelia ndiye hununua gazeti.

Afisa anayeandika ameniomba niseme nilichoona, si ninachofikiri. Nitajaribu. Ila naomba hili liandikwe: kwa malipo hayo, waya ulikuwa wa taifa. Dizeli ilikuwa ya taifa. Mbwa aliyemnusa alikuwa wa taifa. Kijana peke yake ndiye aliyekuwa wa jimbo. Mimi nimeandika dhidi ya serikali tatu na magavana wanne, na sikuona mstari huo mpaka baba yake aliponionyesha.

Mnamo tarehe 14 Machi, Jumamosi, saa tano asubuhi, kulikuwa na sherehe katika uwanja wa mahakama. Kaunti ilikuwa inapokea sehemu yake ya fedha zilizorudishwa. Seneta mmoja wa jimbo alileta hundi ya kadibodi ndefu kuliko yeye. Nyuma yake, juu ya trela, kulikuwa na boti mpya ya doria iliyonunuliwa kwa fedha hizo. Ubavuni, kila upande, iliandikwa DAMIÁN OZUNA kwa herufi nyeupe za kubandika. Wazazi walikuwa wamealikwa wapigwe picha. Hakuna aliyewauliza kuhusu jina. Waliambiwa litakuwa jambo la kuwafurahisha.

Ofelia alisimama karibu na boti, mkono wake ukiwa juu ya herufi ya kwanza. Seneta alisema kwamba sasa Damián ataendelea kulinda mto. Doña Chelo, bibi aliyekuwa anauza tamale za unga wa mahindi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Hata maiti hawampi likizo." Watu walicheka kidogo, wakanyamaza walipomwona Ofelia.

Saa sita kasoro robo watu walikwenda kula. Refugio alirudisha pikapu yake nyuma mpaka kwenye trela. Nilimfuata. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Nashusha trela vizuri juu ya mpira wa chuma wa kuivutia. Usipoweza kunisaidia, usinizuie." Nilichukua pini nikaiingiza. Aliikagua, akaitoa, akaigeuza, akaingiza upya. Akasema, "Miaka hamsini na nane, huwezi kufunga hata mbuzi." Niliunganisha waya wa taa. Kisha nikapanda pembeni yake. Hakuna aliyenilazimisha.

Sikuona mtu yeyote akijaribu kutuzuia. Padri alitarajiwa kuibariki boti mtoni saa nane, na nadhani kila mtu aliamini tunaipeleka huko. Naibu sherifu mmoja alisimamisha magari pale kwenye taa ili tupite, akatugusia kofia. Simtaji.

Hatukwenda mtoni. Tulifika nyumbani kwa Refugio saa sita na dakika ishirini. Ofelia alifika nyuma yetu akiwa kwenye gari la dada yake. Aliingia ndani, akarudi na mashine yake ya kukaushia nywele na waya mrefu wa umeme.

Refugio kazi yake naijua. Kibandiko hakikwanguliwi kwa kisu. Unakipasha moto mpaka gundi ilegee, unapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, unavuta kulia na kushoto, polepole, kama unayekata jibini. Ofelia alishika mashine, Refugio akavuta uzi. Mimi nilipokea herufi na kuzilaza juu ya karatasi ya kuokea ili zisigandane. Zilikuwa kumi na moja kila upande. Ilichukua saa mbili na nusu. Rangi ya boti haikuchubuka popote, na mtu wa bima akisema imechubuka, muulizeni kama aliwahi kushika uzi.

Katika saa hizo mbili na nusu walisema maneno machache. Ofelia alisema herufi ya mwisho ina joto. Refugio akamwambia avute mkono. Nilipowaambia kwamba sasa tuna kesi, kwamba tukae na hii boti mpaka Washington iandike kwa mkono wake kwamba Damián alikuwa wake, kwamba nitaliweka jambo hili ukurasa wa kwanza nchi nzima isikie, Refugio alizima mashine. Alisema, "Chombo ni chao, wamekilipia. Jina silo lao. Hilo nililitoa mimi, kanisani, wewe ukiwa umemshika. Tukirudishe."

Naomba afisa aandike kwamba nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika kitu.

Tulifuta mabaki ya gundi kwa mafuta ya taa. Refugio aliiosha boti yote kwa maji ya bomba na kuikausha. Tuliondoka saa tisa na dakika hamsini alasiri. Lango la yadi ya sherifu lilikuwa limefungwa, kwa hiyo aliegesha trela nje ya lango, akaweka mawe chini ya magurudumu, akaketi juu ya ulimi wa trela, kile chuma cha mbele cha kuivutia, kusubiri. Aliniambia niende nyumbani. Nilikwenda. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linaloniuma kuliko ile pini niliyoiingiza. Alikamatwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, peke yake, baada ya kusubiri karibu saa moja na nusu.

Nimesomewa hati ya mashtaka: wizi wa boti, na uharibifu wa mali ya kaunti, yaani herufi ishirini na mbili. Kama ni wizi, tulikuwa wezi wawili, na mama mmoja aliyetukopesha mashine. Sijaahidiwa chochote. Gazeti langu la Alhamisi ijayo halitakuwa na neno juu ya jambo hili. Ofelia ameniomba hivyo, na ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumtii mtu.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo. Nimesomewa, nimeyaelewa, na siongezi.

(Sahihi) A. Farías U.

MAELEZO YA AFISA: Shahidi alikuwa mtulivu, isipokuwa mara mbili. Saa saba mchana nilikwenda nyumbani kwa Ozuna kuchukua herufi kama kielelezo. Zilikuwa mezani jikoni, zimepangwa, na Bi. Ofelia alikuwa amezifunika kwa kitambaa cha mikate. Alikifunua nizihesabu. Ni ishirini na mbili. Aliniuliza kama nimekula.

Sikuzichukua. Nitajibu mwenyewe nikiulizwa. Katika saa 61 za kumtafuta Damián zilizotajwa hapo juu, kumi na tisa zilikuwa zangu.

(Sahihi) Naibu Sherifu I. Rocha