Upepo Ukigeuka

Mama yangu kule Aru, jambo sana kutoka Bunia.

Leo mwalimu wa jiografia alitueleza mawimbi makubwa ya hewa. Majira ya baridi Ulaya, mawimbi hayo yanazaliwa milimani na kupanda mbali juu ya mawingu, mradi upepo utoke magharibi. Mara bomu likalia karibu. Tukajitupa chini ya meza.

"Mwalimu, na hilo ni wimbi?" mwenzangu Anifa akauliza.

"Hilo fupi, linakufa hapa chini," akajibu, naye chini ya meza yake. "Muandike: upepo ukigeuka, hata wimbi kubwa halipiti."

Mama, ulisema utakuja kunichukua mtihani ukiisha. Waliotoka Aru juzi hawajafika. Ninaogopa sana, lakini usikuje. Unibakie mzima.

Mtoto wako,
Furaha