Gari Lenye Kiti cha Mama Mkwe

Boke wangu, Mama Ochieng,

Goti linasemaje? Na presha? Bado unagombana na kuku, au wamekushinda? Mimi ni mzima. Joto la Mombasa limenipunguza nyama kidogo, na maji ya hapa yana chumvi hata kwenye chai, lakini ulimi haujapungua.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari langu jipya kutoka Japani, viti laini, kiyoyozi kinanipuliza kama mheshimiwa. Usikimbie kuwaambia majirani hapo Lambwe. Gari ni la yadi ninayolinda, na kiyoyozi ni dirisha nililofungua. Lakini kukaa nimekaa.

Ningepiga simu, ila nikianza mzaha wewe hukata. Barua haikatiki.

Sasa sikia. Ochieng alinipigia kutoka Nairobi. "Mzee, sisi watoto tumeelewana, tunanunua gari la nyumbani, Mama awe akifika kliniki Homa Bay. Wewe unashinda na magari, tuchagulie. Lisizoeane na mafundi, na lisipende mafuta."

Mimi niliyeachia shule darasa la nne! Nilitembea yadi nzima nikipiga magurudumu teke kama mtu anayejua.

Swaleh, muuzaji wetu hapa, akanionyesha kadogo kekundu. "Mzee wangu, hili halinywi mafuta, linaonja tu." Akafungua boneti. Injini ndogo, safi, na spea zake akasema ziko hata Migori. Ochieng kuona picha tu, "Hilo hilo, Baba!" Nikakaribia kusema ndiyo.

Halafu nikakuona akilini, umesimama kando ya ua. Akinyi alinisimulia ya mwezi uliopita: mumewe, mkwe wetu mwalimu, aliazima gari dogo la jirani akupeleke kliniki, nawe ukakataa kuingia, kwa sababu ungeketi kisogoni mwa mkwe wako, magoti yakigusa kiti chake. Pikipiki goti limekataa, gari heshima imekataa, na dawa zikaisha. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, na unajua mimi hucheka hata matangani.

Maana hilo, la mkwe na mama mkwe kutokaribiana, ndilo jambo pekee ambalo Wajaluo na Wakuria hatukuwahi kubishania nyumbani mwetu. Mengine yote tuliyapigania, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa wewe ulikidharau Kijaluo changu na mimi Kikuria chenu kilinishinda. Unakumbuka tukienda kuwasalimu kwenu Kegonga? Mama yako akiona kofia yangu tu, anaingia kwenye migomba. Mimi nami nyuma ya ghala. Tulipendana sana yule mama na mimi, kwa mbali. Kisha tunarudi na baiskeli, wewe umekaa upande, umeshika mshipi wangu, unanikaripia kwa kila shimo la barabara ya Migori. Gari lile lilikunywa uji tu. Nikilikumbuka hata joto la hapa linapoa.

Basi nikamwambia Swaleh, "Kaa kwa usukani. Wewe ni mkwe." Nikamwomba mama anayetuuzia chai aketi nyuma, awe wewe.

"Mama, unaona nini?"

"Naona kisogo chake, na kinataka kinyozi."

Hilo nikalikataa. Tukahamia lingine, la safu tatu za viti. Sakafu yake iko chini, mlango unateleza, na ukikunja kiti kimoja cha katikati, mtu anapita hadi nyuma na goti linanyooka. Kingine cha katikati ni cha Akinyi, awe ukuta kati yako na mumewe.

"Na sasa, mama?"

"Sasa simwoni huyo. Kwani yupo?"

Swaleh akasema ukweli wake: "Ila mzee, hili linakunywa zaidi kidogo."

Ochieng naye akalalamika kwenye simu. "Baba, unajua bei ya mafuta?"

"Gari ambalo mama yako haingii, hata lisipokunywa kitu, ni banda la kuku."

Kisha akasema, "Haya, Mzee. Lichukueni hilo."

Linafika wiki ijayo. Mwalimu ataliendesha.

Nisalimie Akinyi na watoto wake, na mchungaji wenu mwenye sala ndefu. Dada yangu wa Rusinga mwambie nimekonda, anitumie omena, dagaa wetu wa ziwani.

Sasa deni lako kwangu. Nilipoacha pombe ya busaa nikakufuata kanisani Jumamosi, kwa Wasabato, uliniambia mbele ya mchungaji kwamba siku moja nitakuomba jambo moja, na hutabisha. Nimelitunza miaka yote hii, tena nikilitunzia upuuzi mtupu. Leo nalitumia. Siku ya kliniki usiniambie una nguo za kufua. Ingia garini, pita hadi nyuma, keti.

Mume wako,
Baba Ochieng