Nyota za Ukuta wa Theuri

Jumatatu, 3 Juni 1996
Theuri wa duka la vitambaa amebandika karatasi kubwa ukutani. Majina ya mafundi wote saba wa nguo wa mtaa huu. Ukinunua kitambaa unapewa kalamu. Fundi aliyekushonea vizuri, mwekee nyota. Vibaya, msalaba. Ati wateja wasipotee. Mimi sikuulizwa.

Jumanne, 11 Juni
Kagure nyota tisa. Mimi mbili, na msalaba mmoja. Huo naujua — ni wa yule mama wa sare ya shule. Nilimchelewesha wiki ile tulienda Kianyaga kumzika mama yangu. Karatasi haina nafasi ya kuandika hayo.

Ijumaa, 21 Juni
Mama Kim alipita mlangoni na kitambaa kwapani. Miaka minane namshonea. Nikamwita.
“Naenda kwa Kagure,” akasema. “Si ati wewe ni mbaya, Wamucii. Lakini watu ishirini na wawili waliomwekea nyota hawawezi kukosea.”
Akauliza watoto wangu wako aje. Wako sawa.
Saa saba nikaenda kula. Hoteli mbili zimepakana, moja tupu, moja imejaa. Niliingia iliyojaa, nikasimama kungoja kiti. Nilikuwa nimemaliza chai ndipo nikajiona, nami nimefuata watu.

Jumamosi, 6 Julai
Kagure amekuja na gunia la vitambaa. Tulisoma ushonaji pamoja. Amekonda. Kazi imemshinda na hawezi kukataa mtu — ukimkataa anaenda kuweka msalaba. Anataka nimshonee, atanilipa, ila jina libaki lake.
Mashine yangu ilikuwa imekaa siku nne. Nikakubali.

Alhamisi, 18 Julai
Mama Kim amekuja kunionyesha rinda lake jipya. Akageuka mara mbili.
“Ona hii kola. Wewe hujawahi kunishonea kola kama hii.”
Nikasema ni nzuri. Niliishona Jumanne.
Kagure ana nyota thelathini na tisa. Kumi na moja ni zangu. Nina hakika na kumi.

Jumatatu, 29 Julai
Kuna harusi Giakanja. Bibi harusi alisoma karatasi ya Theuri, akachagua Kagure. Gauni lake, na magauni ya wasimamizi sita. Kagure ameleta yote kwangu. Kifundo cha mkono wake kimevimba, hashiki makasi.
Nikamwambia nitashona akienda kwa Theuri aseme hiyo kazi ni yangu.
 Akasema, “Nikisema hivyo watarudi kwao na kitambaa. Wewe uko na msalaba.”
Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliacha kile kitambaa cheupe mezani, akasema atapita saa kumi kuchukua jibu. Nikimkataa, atairudisha kazi Giakanja.
Sasa ni saa tisa na nusu. Kifua cha gauni nimekata. Mgongo nimekata. Mikono bado.