Kekee Yako Ndani ya Swichi ya Mama

Kengeja, Pemba,
9 Januari 1938.

Mpendwa Dada Mwanaasha,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe na Shemeji Mmanga na watoto. Je, miguu bado inakuvimba? Sisi huku hatujambo. Mama, tangu kupooza ule upande, sasa walau anakula vizuri, alhamdulillahi.

Kekee yako, bangili ile ya fedha, ilifika salama, imeshonewa ndani ya mto. Ujanja wako bado ule ule! Dada, sijui nianzie wapi kukushukuru. Ulibakiwa na hiyo moja tu, aliyokuvisha Mama siku ya harusi yako, na bado ukaniandikia niikate.

Sasa nikwambie ukweli ambao niliona haya kuuandika. Unajua nilimfungia Mama kengele ya stimu, ya betri, kwa kuwa sauti yake haifiki hata ukumbini. Kubonyeza hawezi, ila kusukuma anaweza, ndiyo maana nikamchongea swichi ya kijiti kinachoteleza. Akikisukuma, vibati viwili hugusana, na kengele hulia mpaka mtu aje akirudishe.

Vibati vya kwanza nilivikata kwenye debe, vikala kutu kabla mwezi haujaisha. Nikaweka shaba, nayo ikaota ukijani kwa hewa hii ya chumvi. Basi mimi, fundi mzima, nikafanya kama tunavyofanya kwa majembe: nikaipaka mafuta ya nazi. Mafuta yakanasa vumbi la karafuu tulizoanika uani, na stimu haikupita tena. Ijumaa ile mimi nilikuwa msikitini, mke wangu Mwanabaraka kisimani. Mama alisukuma weee, kimya. Akajaribu kushuka kitandani mwenyewe. Nilimkuta chini, bega limevimba, na yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Nililia, Dada.

Kumbe dawa yake ni fedha, ndiyo maana nikakuomba. Hata ikipiga weusi kidogo, stimu hupita, na kule kuteleza kwenyewe huisugua. Nimekata vipande viwili vidogo nikavifua polepole viwe vyembamba. Iliyobaki nimekuwekea. Nilingoja wiki tatu kabla ya kukuandikia, nisije nikajisifu bure, na haijakosa hata mara moja. Sasa natoka kwenda shamba moyo umetulia, na hiyo ni kazi yako, si yangu.

Mama nilimwambia fedha ile imetoka wapi.

Juzi asubuhi kengele ikalia, nikakimbia na unga wa muhogo mikononi. Nikamuuliza anataka nini.

"Sikukwita weye," akasema. "Namwita Mwanaasha."

Sikukirudisha kijiti, Dada. Niliiacha kengele ilie.

Mwanabaraka anakusalimu sana, na Mjomba Jaribu hapiti hapa bila kukuuliza. Mola akulipe kheri kuliko uliyoitoa, na akufungulie njia ya kuja.

Mdogo wako akupendaye,
Nyange