Cheti Kilichopakwa Samli

Mwadui, 3 Juni 1953

Mayu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na punda wako wawili. Mimi sijambo, ila vumbi la huku linanikohoza kama mzee.

Mayu, nina jambo. Miaka miwili sasa ni utingo kwenye lori la tajiri anayeleta mahindi mgodini. Dereva wetu, Gregory, anaacha kazi mwisho wa Agosti, na tajiri amesema nafasi ni yangu nikiwa na leseni. Nisipoipata anamchukua mtu wa Tabora. Kuendesha nimeshajua. Kinachonikwamisha ni karatasi: bomani Shinyanga wanataka kujua umri wangu. Nitumie kile cheti cha ubatizo. Kikunje mara moja tu, na Serafina, binti wa katekista, akipeleke posta mwenyewe, asimpe mpita njia.

Mwanao, Mihayo

Salawe, 20 Juni 1953

Mwanangu, marahaba.

Sisi salama, na punda mmoja amezaa. Anayeandika ni Serafina huyo huyo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asipunguze.

Cheti hicho hapo. Vya wenzako vimeliwa na mchwa, hata kitabu chenyewe cha ubatizo pale misheni kimeliwa. Chako nimekitunza kama kibuyu cha maziwa: kila mwaka nakipaka samli, kisha nakirudisha juu ya jiko kipate moshi. Hakuna mchwa aliyekigusa.

Gari lenyewe silipendi, unajua. Tangu baba yako apande lori kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu, likapinduka, nikaletewa blanketi lake tu, miguu yangu inanitosha. Hata hivyo nataka kujua. Gari likichoka linafanyaje? Punda akichoka analala, unamwona. Na wewe uliyekaa juu unajuaje kwamba chini kuna kinachouma? Nijibu yote.

Mama yako, Mbuke

Mwadui, 8 Julai 1953

Mayu, shikamoo. Hongera ya punda.

Karani alikiinua cheti dirishani, akakinusa, akaniuliza kama ni cheti au nyama ya kukausha. Samli na moshi vimemeza maandishi yote. Nilicheka mpaka nje, halafu nikakaa chini nikaona si jambo la kucheka.

Imebaki njia moja: mzazi aje bomani aape nilizaliwa lini, kabla ya tarehe 31 mwezi huu. Gregory atapita Salawe Jumamosi tarehe 18. Najua ninachokuomba, mayu. Kaa mbele karibu naye, tazama mbali barabarani, usitazame miti ya kando, hutatapika.

Uliuliza. Gari halichoki, linachemka, ukisahau maji. Kila asubuhi natazama maji, oili na tairi kabla sijaliwasha. Likichemka usifungue mfuniko mpaka lipoe, litakuunguza uso. Na kinachouma unakisikia: breki ikilia, au usukani ukivuta upande mmoja, unasimama, unashuka, unaangalia.

Mwanao, Mihayo

Mwadui, 2 Agosti 1953

Mayu, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Umeikanda?

Siku ile bomani hatukupata nafasi ya kuongea, acha niseme sasa. Gregory aliporudi peke yake, alisema ulifika barabarani na mzigo wako tayari, ukaweka mkono kwenye boneti, ukauondoa, ukarudi nyumbani. Nilikasirika, nisikufiche. Nilisema mbele za watu kwamba mama yangu ameogopa bati na mimi nimekosa kazi.

Halafu Alhamisi karani akaniita, nakukuta kwenye benchi na Serafina, miguu imevimba kwa kutembea siku nne. Anakuuliza mwaka, unamwambia, "Andika mwaka nzige walipokula mtama mpaka bua. Nilikuwa na mimba ya huyu, nakula majani." Karani akasema hata mama yake huutaja mwaka huo, akaandika 1931. Nawe ukarudi kwa miguu tena.

Nisamehe yale maneno, mayu. Yananiuma.

Leseni nimeipata juzi. Jumamosi tarehe 22 nitakuja Salawe kuchukua mahindi, nikiendesha mimi. Sikuombi upande. Nataka unione tu.

Mwanao, Mihayo

Salawe, 14 Agosti 1953

Mwanangu Mihayo, marahaba.

Miguu imepona, kasoro kucha moja. Maneno uliyosema sikuyasikia, kwa hiyo sina cha kusamehe. Ila usirudie.

Siku ile simlaumu Gregory. Niligusa lile bati nikalikuta lina joto kama mnyama, nikamwona baba yako alivyonipungia mkono akiwa juu ya magunia. Lile lori lake hakuna aliyeniambia namna ya kulikagua. Ningejua, ningelizunguka lote kabla sijamwacha aondoke.

Sasa sikiliza. Tarehe 22 ukishapakia, usiliwashe mpaka nifike. Serafina atasoma barua yako ya Julai neno kwa neno, wewe utanionyesha, nami nitaangalia kwa macho yangu: maji, oili, tairi. Na hiyo breki nataka niisikie. Nikiridhika, nitakaa mbele.

Mpaka kisimani tu. Nikisema simama, simama.

Mama yako, Mbuke