Sentensi Niliyoiruka

Lodwar, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Didace,
Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kakuma joto limepungua? Mimi niko mzima.
Nimefurahi umekubali kuingia kwenye utafiti huu ninaoufanyia ukalimani. Virusi vya UKIMWI vimekuingia juzi tu, ndiyo maana daktari alikutaka. Meza ARV kila siku, na ile dawa ya pili, ya utafiti, usiiache: inatuliza kinga ya mwili ili virusi vikose pa kujificha.
Dada yako, Félicité

Kakuma, 28 Aprili

Yaya,
Ejok, dada yangu? Ndivyo Waturkana wa hapa wanavyosalimiana. Natumaini u salama. Mimi nimeshikwa na mkanda wa jeshi, malengelenge ubavu mzima, hata shati sivai. Muuguzi aliniuliza, "Hukuambiwa dawa hii inashusha kinga?" Nikamjibu, "Dada yangu ndiye alinisomea fomu. Hakusoma kitu kama hicho." Nimekosea?
Mdogo wako, Didace

Kakuma, 20 Mei

Yaya,
Wiki tatu hujajibu. Unaumwa? Daktari amenisimamishia ile dawa, ARV naendelea nazo. Malengelenge yamekauka.
Mdogo wako

Lodwar, 2 Juni

Didace,
Nimefurahi kusikia umepata nafuu, ingawa sina uso wa kukuuliza hali. Hukukosea. Fomu ya Kiingereza ilisema dawa inaweza kuleta magonjwa mengine kwa sababu inapunguza nguvu ya kinga. Nilipofika hapo nikakuangalia, ulikuwa umeugeukia mlango. Nikaona ukisikia hayo utakimbia, na madaktari wa kukupima kila wiki utawakosa. Nikairuka sentensi. Nisamehe.
Dada yako

Kakuma, 9 Juni

Félicité,
Barua nimeipata. Nina hasira. Ungenisomea, labda ningekubali vilevile, lakini ningekuwa nimekubali mimi.
Na kuna jingine. Jirani yetu Benita, na Majak wa Kalobeyei, bado wanameza dawa ile. Nao uliwasomea wewe. Kwao pia uliiruka?
Didace

Lodwar, 14 Juni

Didace,
Salamu. Niliiruka kwa wote wawili. Kwako ilikuwa huruma. Kwao nilikuwa nimeshazoea.
Leo nimemwambia daktari. Akasema, "Acha kitambulisho cha kazi mezani." Benita na Majak wamepigiwa simu wasimamishe dawa hiyo kwanza, na Jumatatu mkalimani mwingine anakuja kuwasomea upya. Nitakuja pia, nikae mbele yao waniulize wanachotaka. Kwako nitapita ukiniruhusu.
Dada yako

Kakuma, 15 Juni

Yaya,
Anzia kwa Benita. Analia tangu jana, na maneno atakayokuambia uyasikilize mpaka mwisho. Ukitoka huko, uje ule.
Mdogo wako